Viraka vya Magotini

Huku Buddu mti ndio huvishwa kwanza.
Ukishauchuna mtuba gome lake
toka shingoni hadi kifundo cha mguu,
huufunga majani ya mgomba upesi,
kabla upepo haujauona uchi.
Ndipo urudi kwenye gome, ulitwange.

Senkoole alitwanga. Nyundo tatu za mti:
ya mifuo mipana, ya kati, ya myembamba,
na gome likatanuka, likaanikwa,
jua likalitia wekundu wa udongo.
Palipokuwa na tawi palibaki tundu;
alilikata mraba, akalitia kiraka
kwa uzi wa mwale.
Sindano ilikuwa ya mwanamume.
Nakitende, mkewe, bibi wa bibi yangu,
yeye alivaa tu: chini ya makwapa, mshipi kiunoni,
na mbugu ilipotembea ilichakacha
hata mkwe nyuma ya ua akajua apishe.

Kisha ikaja misafara.
Merikani, majora kwa majora, kwenye mabega yenye malengelenge,
nyeupe, isiyo na sauti.
Bei kamili sikuambiwa. Bibi alisema "simbi nyingi"
akapanua mikono kama anayekumbatia mtungi.
Ninachojua ni alichotoa Nakitende:
kuku wawili wa kutaga, kikapu cha kahawa ya kutafuna.
Akapewa mikono minne ya kitambaa
na sindano moja ya chuma, imepinda kidogo,
kama nyongeza.

Kisimani wanawake walicheka:
"Sasa utapiga magoti wapi, wewe mweupe?"
Maana salamu ilikuwa ya magoti,
na mbugu ni rangi ya ardhi, hutunza siri.
Merikani husengenya.
Jioni kila mtu aliweza kuhesabu
Nakitende amewasalimu wangapi.

Wapagazi walikuwa na methali yao:
nguo ya kuazima haisitiri matako.
Hii hakuiazima. Aliinunua,
na msimu haukuisha, magoti yakatokeza.

Usiku, karibu na makaa,
alichukua vipande vya gome
vilivyobaki pale mumewe alipoketi.
Siku hizo nyundo zilikuwa zimeanza kunyamaza;
vijana walimpita Senkoole wakielekea kwa wenye majora.
Akashona. Goti la kushoto, goti la kulia,
mishono mirefu, mingine imeruka kama panzi,
na kidole kikatoa damu mara mbili.

Mume akaamka.
Alitazama mbugu juu ya merikani,
akatazama muda mrefu
kiasi cha kuni moja kuanguka motoni.
"Unashona kinyume cha nyuzi za gome," akasema.
Akamgeuzia kitambaa, akarudi kulala.

Hilo ndilo somo lote. Hakuongeza jingine.

Mimi nina cherehani, Nyendo, mbele ya duka la saruji.
Gomesi: mita sita, mabega yaliyosimama,
vifungo viwili kushoto, mshipi wa kumetameta.
Wateja huniuliza nani aliibuni.
Kila mtu ana jibu lake. Mimi nauma uzi.

Tulipomzika mama tulifungua sanduku.
Merikani ilikuwa imekwisha, imekuwa unga,
ukiigusa inakohoa.
Ila viraka viwili vilikuwa pale pale,
vyekundu, vimekaa sawa,
umbali wa magoti ya mwanamke mfupi,
bila nguo yoyote katikati.

Kimoja tulikiweka ndani ya mbugu mpya
tuliyomfungia mama.
Cha pili kiko chini ya mguu wa cherehani yangu,
huzuia isitikisike.
Goti la kulia, nadhani.
Mishono ya hapo, ukiipapasa kwa kidole,
inaanza kombo,
kisha ghafla inanyooka.